KIPANDAUSO CHA UZEENI

Kipandauso ni maumivu makali ya kichwa, mara nyingi ya upande mmoja. Wengi huanza kukipata ujanani.

Baadhi ya wagonjwa huona dalili kabla ya maumivu. Huona vimulimuli, au mistari iliyopinda kama meno ya msumeno. Mistari hiyo huanza padogo, hutanuka polepole, kisha hupotea. Kwa kawaida huchukua dakika 5 hadi 60. Ndipo kichwa huanza kugonga.

Chanzo chake ni ubongo, si macho. Badiliko fulani hupita katika ubongo kama wimbi, kiasi cha milimita 3 kwa dakika. Ndiyo maana hata ukifumba macho utaviona vimulimuli.

Umri ukizidi, mambo hubadilika. Kwa wengi maumivu hupungua. Kwa baadhi ya wazee kichwa hakiumi kabisa, huja vimulimuli tu. Bibi aliyezoea kuumwa kichwa tangu usichana hushangaa. Pengine hudhani amerogwa, au anapofuka. Kumbe mara nyingi ni ugonjwa wake ule ule.

Lakini ni rahisi kukosea hapa. Kiharusi nacho huwapata zaidi wazee, na huweza kuharibu kuona. Ila chenyewe huja ghafula. Mkono hulegea, mdomo huenda upande, maneno hayatoki, au giza huingia mara moja. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, asingojee kupoa.

Na mzee anayeona vimulimuli kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, hata vikipita, amwone daktari.