Vyama vya Ngoma na Kupungua kwa Watu Wake

Neno ngoma katika Kiswahili lina maana tatu, nasi twaomba wasomaji wetu waziweke zote moyoni kabla ya kuendelea. Kwanza ni ile ngoma ipigwayo, gogo lililowambwa ngozi. Pili ni mchezo wenyewe, uimbwao na kuchezwa. Tatu, na hii ndiyo isahauliwayo, ni watu waliokubaliana kucheza pamoja, wenye mkubwa wao, ada yao ya kuingia, na haki zao mmoja juu ya mwenziwe. Mtu asemapo, “Huyu ni wa ngoma yetu,” hasemi habari ya ngozi wala ya wimbo. Asema habari ya udugu.

Twaandika haya hapa Chimwaga, kando ya mji wa Dodoma, ambapo tangu mwaka 2007 pana Chuo Kikuu na vijana wa kila kabila. Katika kijiji kimoja kisicho mbali nasi kina mama wapigao muheme walikuwa wengi zamani. Tulipowatembelea baada ya mavuno walikuwa saba tu, na aliye mdogo wao ana wajukuu. Tukauliza kama mabinti hawaipendi ngoma hiyo. Mmoja akajibu, “Mwalimu, kutazama wanataka. Kuingia hawataki.” Jibu hilo lilitukaa sana, likatufanya tutafute habari za vyama vya ngoma vya mahali pengine, vilivyopatwa na shida hii kabla yetu.

Wa kwanza kukumbukwa ni beni. Ngoma hii ilianza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, karibu na mwisho wa karne ya 19, na jina lake latokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga tarumbeta. Katika vita vya 1914 hadi 1918 askari na wapagazi waliichukua bara, ikaenea Tanganyika yote ikiwa na pande mbili, Marini na Arinoti. Walikuwa na vyeo vya kijeshi na vya kifalme, walivaa sare, walishindana kwa kucheza na kwa karamu. Wazungu wengi, na wamisionari miongoni mwao, walicheka au walikasirika, wakidhani ni kuiga tu. Hawakuona kwamba mgeni aliyefika mjini hana ndugu alipata kwa Marini au Arinoti watu wa kumpokea, na akifa, watu wa kumzika. Kisha vikaja vyama vya wafanyakazi, vyama vya siasa, vilabu vya mpira na makundi ya dansi, na kila kimoja kikachukua sehemu ya kazi ile. Beni haikuuawa na katazo la mtu. Ilibaki na sare, haina kazi. Na vijana hawakai katika chama kwa ajili ya sare.

Habari za Wasukuma ni ndefu zaidi, na kwa maoni yetu zafaa zaidi. Kwao pana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, na kila kimoja chataja mwanzilishi wake: Bagika humtaja Ngika, na Bagalu humtaja Gumha, watu wa karne ya 19 walioshindana kwa uimbaji na kwa uganga. Baada ya mavuno, katika miezi ya kiangazi, makundi ya pande hizi mbili hukutana katika uwanja mmoja, huku hawa na huku hawa, nao hucheza kwa wakati mmoja. Hapana mwamuzi mwenye kuandika alama. Watu wenyewe ndio waamuzi: waonapo upande wa pili umepamba moto, huwaacha hawa wakakimbilia kule, na kundi lililobaki bila watazamaji limeshindwa. Kwa hiyo kila ningi, ndiye manju au mtungaji wa nyimbo, hana budi kutafuta jambo jipya kila mwaka, kwa kuwa wimbo wa mwaka jana hauwezi kumzuia mtu asiondoke. Wengine hucheza na nyoka, wengine na nungunungu; na wachezaji wa bugobogobo hurusha majembe juu na kuyadaka, kwa sababu ngoma yao ni ya kulimia, nao hulima shamba la mtu wakiimba kwa safu moja.

Ndani ya vyama hivyo kulikuwa na siri. Mtu aliingizwa kwa dawa, na dawa zilikuwa za kuvuta watazamaji na za kujikinga na uchawi wa upande wa pili. Jambo hilo ndilo lililowafanya walimu wa dini wawakataze Wakristo wasiende kabisa. Katazo hilo lilileta hasara mbili: waliotii walipoteza wenzao wa kulima, na wasiotii walipoteza kanisa. Kisha shule, migodi na mji vikawavuta vijana, na kuhamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 kukawatenganisha majirani waliokuwa wa ngoma moja.

Katika miaka ya 1950 alikuwako Bujora, karibu na Kisesa katika nchi ya Mwanza, Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers. Yeye hakukataza. Alijenga kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya kale ya Wasukuma, na altare kwa mfano wa kiti cha mtemi. Tena akafungua uwanja kwa Bagika na Bagalu wakati wa Sikukuu ya Mwili wa Bwana, ambayo Wasukuma huiita Bulabo, yaani maua. Mashindano yakapata siku yake na mahali pake. Makumbusho ya Wasukuma nayo yakaanza hapohapo.

Wako wanaosema kwamba ngoma iliyoletwa mbele ya kanisa na ya wageni imekuwa maonyesho tu. Hatukatai kwamba kitu kimepotea. Mtu asiyeingizwa kwa siri hafungwi na siri. Lakini angalia kilichobaki: upande wa pili. Padre yule hakuwaunganisha Bagika na Bagalu wawe kundi moja lenye amani, kama ambavyo sisi walimu tungalipenda kufanya. Aliwaacha wapinzani. Kijana aingiapo kwa Bagalu ajua ni nani atakayemcheka asipofika.

Sasa turudi Ugogo. Muheme ilikuwa ngoma ya kina mama, nao huzibana ngoma mapajani wakizipiga kwa mikono. Ilifungamana na unyago wa wasichana na tohara yao. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, na ni haki kabisa. Wala hatutaki mtu asome makala hii akidhani twalilia kisu. Ila kazi ya asili ya chama ilipoondoka, hapana aliyewauliza wenye chama sasa watafanya nini. Kanisani na katika siasa muheme ilikuwa imekwisha kupata nafasi, hata wanaume wakaingia. Tena tangu 2009 pamekuwa na tamasha la muziki wa Wagogo huko Chamwino, lililoanzishwa na Dakta Kedmon Mapana, Mgogo aliyekuwa mwalimu wa muziki katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na makundi ya vijiji vingi hukutana huko. Hayo ni mema. Lakini tamasha ni siku chache, na mwaka una siku nyingi. Binti atakayesubiri tamasha atabaki mtazamaji.

Tuliporudi kwa wale kina mama saba tuliwaeleza habari za uwanja wa Wasukuma. Hawakuuliza habari za nyoka, ingawa tulitazamia. Yule mkubwa wao aliuliza ni kijiji gani cha karibu ambacho bado kina ngoma za muheme, na kama wapigaji wake ni hodari. Tukamwambia ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, na kwamba wao ni kumi na wawili. Akasema idadi hiyo haifai. Akawatuma wajukuu wawili wakaitwe.