Chakula Kimefika. Umwachie Raida Kitu?

Ijumaa jioni, mvua imeshika Westlands. Umeagiza kuku na chipsi kutoka Mpaka Road, wewe uko Kangemi. Waiyaki Way magari hayasongi. Raida anabisha mlango amelowa chapachapa. Ada ya kuletewa ulishalipa kwenye programu. Sasa, umwongeze bakshishi?

Si lazima. Lakini kumbuka, mara nyingi petroli anajinunulia mwenyewe, na zile dakika alizongoja chipsi zako ziive angekuwa ashapeleka oda nyingine. Kwa hivyo kama ni mvua, usiku, au umemfanya apande ghorofa ya tano bila lifti, mpe kitu. Siku ya kawaida, asante na nyota tano zinatosha.

Huna pesa mkononi? Mtumie. Kwa M-Pesa, kutuma shilingi 100 kushuka chini hakuna makato, so hamsini yako inafika hamsini. Naye si lazima aitoe kwa ajenti. Akifika petroli anaweza kulipa kwa simu.

Muulize namba mkiwa pale mlangoni, kisha usome jina kabla ya kuthibitisha kutuma. Mtu akikupigia baadaye akidai ndiye raida na anataka “tip” kwa namba nyingine, kata simu.

Na kama mwezi umekukalia vibaya, usione haya. Fungua mlango haraka tu, asisimame kwa mvua.