Maji ya Bomba na Mgongo Uliovunjika: Hali ya Uvira

Mgongo ukivunjika, ndugu wa mgonjwa huuliza kwanza: atatembea tena? Ni swali la haki. Lakini kwa aliyeumia ugwe wa mgongo hapa Uvira, kuna swali jingine linalogusa uhai wake wa mwaka ujao: nyumbani kwao maji yanatoka wapi?

Ugwe wa mgongo ni fungu la neva lililo ndani ya pingili. Hupeleka amri za ubongo mwilini na kurudisha habari juu. Ukikatika au ukibanwa, miguu hunyamaza, na pamoja nayo kibofu, utumbo na ngozi. Mtu hahisi kwamba mkojo umejaa, wala hahisi kwamba amelalia ubavu mmoja tangu asubuhi. Zamani, hata huko Ulaya, wengi walioumia hivi walikufa mapema, na waliuawa zaidi na vidonda vya kulalia na maambukizi ya figo kuliko mfupa wenyewe. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kuwatibu majeruhi hao Stoke Mandeville, Uingereza. Alishikilia wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na kibofu kitunzwe kwa usafi. Watu wakaanza kuishi. Dawa ya kuunga ugwe hakuwa nayo, na sisi pia bado hatuna.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na hali hii. Katika rekodi za hospitali za kaskazini-mashariki mwa Tanzania, kuanguka kulitangulia na ajali za barabarani zikafuata. Mtu wa mwambao wetu hatashangaa: wanaume hukwea michikichi, pikipiki hubeba watu watatu kwenye barabara ya taifa namba 5, na juu ya hayo kuna risasi. Majeruhi wa namna hiyo asinyanyuliwe kwa mikono na miguu, wala asikalishwe kwenye pikipiki. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, kichwa na kiwiliwili vikiwa kwenye mstari mmoja, watu wanne au watano wakimsogeza kwa pamoja.

Tena si kila kupooza kunatokana na pigo. Kifua kikuu hula pingili za mgongo polepole. Kichocho cha matumbo, ugonjwa unaojulikana kandokando ya Ziwa Tanganyika, mara chache hufikisha mayai yake kwenye ugwe. Kijana ambaye miguu inaishiwa nguvu bila kuanguka popote apelekwe hospitali haraka, asisubiri maombi yaishe. Magonjwa yote mawili yana dawa, na dawa ikichelewa, miguu huenda isirudi.

Sasa turudi kwenye maji. Mwaka 1972 Jack Lapides na wenzake wa Michigan, Marekani, walieleza njia ambayo mgonjwa hujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba, kisha akauondoa. Walionyesha kwamba si lazima kuwe na usafi wa chumba cha upasuaji. Mikono iliyooshwa vizuri na mpira safi vinatosha. Siku hizi hufanywa mara nne hadi sita kwa siku. Kwa hiyo kila siku kuna kunawa mikono mara nne hadi sita, kuosha mpira ikiwa hakuna mwingine, kuosha mwili baada ya choo, kufua shuka zilizolowa. Anayesukuma kiti chake cha magurudumu hushika kwa viganja magurudumu yaliyopita kwenye tope la mtaa, na viganja hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika mpira. Maji yakiwa haba, wengi hupunguza kunywa ili wasikojoe sana. Mkojo hukolea, mawe na maambukizi hufuata, na figo ndizo zinazolipa.

Mji wetu una ushahidi wa nguvu ya bomba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia Uvira kuanzia 2009 hadi 2014, ulikuta kwamba siku ambayo maji ya bomba hayakutoka kabisa, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliongezeka zaidi ya maradufu katika siku 12 zilizofuata. Waliohesabiwa ni wa kipindupindu tu. Homa ya figo ya mtu aliyelala ndani haiingii kwenye daftari hilo, ingawa bomba lililokauka ni lilelile. Mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, yaliua watu, yakabomoa nyumba na kuharibu mitambo ya maji. Asiyeweza kusimama alihitaji mgongo wa mwingine ili atoke, na baadaye alihitaji mtu wa kwenda kumtafutia maji.

Mara nyingi mtu huyo ni binti. Yeye ndiye hubeba bidoni, hugeuza baba usiku, kisha hukosa shule. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu tunamsifu kwa upendo wake na hatumhesabu katika gharama za ugonjwa. Mke aliyeumia mgongo naye yuko hatarini kurudishwa kwao, na minong'ono ya ulozi humfuata.

Bunge la Kongo limetunga sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, Na. 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu kwa wenye ulemavu wa viungo, lakini ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Kilicho karibu zaidi ni orodha iliyomo vichwani mwa wahudumu wa afya wa jamii: wanajua katika kila mtaa ni nyumba gani ina mtu aliyepooza. Regideso, shirika la maji la serikali, na wafadhili wake wanapochagua mahali pa kuvuta bomba, waanze na nyumba hizo. Na kisima cha bomba cha mtaa kijengwe bila ngazi, koki iwe kimo cha mtu aliyeketi.