Kitabu Kitoke Kabatini: Kwa Nini Walimu Wetu Wanajifunza Kufundisha Kiingereza kwa Vitabu vya Hadithi

Katika mikutano ya wazazi ya siku za karibuni, swali moja limejirudia. Wakazi wanauliza ni kwa nini walimu wa shule za msingi hukusanyika baadhi ya alasiri, wakaonekana wakisomeana hadithi za watoto zenye picha za sungura na mbuzi, ilhali kazi waliyoajiriwa ni kufundisha. Swali hilo ni la haki, na anayeliuliza anastahili jibu kamili. Makala haya yanaeleza mafunzo hayo ni yapi, kwa nini yanahitajika sasa, yanafanywaje, na mzazi au mlezi ana sehemu gani ndani yake.

Mafunzo yenyewe

Walimu hao wamo katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanayojulikana kwa kifupi kama MEWAKA. Utaratibu huu, unaoratibiwa kitaifa na Taasisi ya Elimu Tanzania, humwezesha mwalimu kuendelea kujifunza akiwa kazini, badala ya kusubiri semina ya mara moja mjini ambayo huhudhuriwa na wachache. Walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji, na mara nyingine hukutana na wenzao wa shule jirani katika kituo cha walimu. Huchagua jambo linalowatatiza darasani, hulijadili, huonyeshana namna ya kulifundisha, kisha kila mmoja huenda kulijaribu na kurudi kueleza lililotokea.

Kwa sasa jambo linalowakutanisha ni somo la Kiingereza, na sababu yake i wazi. Chini ya mtaala wa mwaka 2015, watoto wa Darasa la I na la II walijikita katika kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na Kiingereza kilianza Darasa la III. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeliweka somo hilo kuanzia Darasa la I. Hivyo mwalimu ambaye kwa miaka mingi amefundisha madarasa ya mwanzo kwa Kiswahili pekee, tena kwa ustadi, leo amekabidhiwa kazi ambayo huenda hakuandaliwa kwayo chuoni. Kumwachia kazi hiyo bila kumpa mbinu kungekuwa kumwonea yeye na mtoto anayemfundisha.

Ugumu ulipo

Mtoto aliyejua kusoma Kiswahili ana bahati moja kubwa: herufi hazimdanganyi. Herufi “a” ya “baba” ndiyo “a” ya “kata”, na neno husomwa kama lilivyoandikwa. Mtoto huyo akikutana na neno la Kiingereza “one”, kwa busara yake yote atalisoma kama sehemu ya mwisho ya neno “nione”. Akikutana na “take”, atalisoma kama lilivyo ndani ya neno “atake”. Hajakosea kwa uzembe wala kwa uzito wa akili. Ametumia kanuni sahihi ya lugha yake mahali ambapo haitumiki. Kiingereza hakisomeki kwa kukariri herufi pekee. Ni lazima mtoto ayasikie maneno mara nyingi, ayaone yakiwa yameandikwa, na ayakute ndani ya jambo lenye maana kwake.

Njia iliyozoeleka haimpi nafasi hiyo. Mwalimu huandika orodha ya maneno ubaoni, darasa likaitikia kwa sauti moja, kisha watoto wakanakili kwenye madaftari. Kila sentensi inapotafsiriwa papo hapo, mtoto hujizoeza kusubiri Kiswahili kije, na Kiingereza kikampita kama mvua juu ya jiwe. Ndiyo maana wapo watoto wanaoweza kujaza nafasi zilizo wazi katika zoezi la nyakati za vitenzi, lakini hawawezi kuomba maji ya kunywa kwa lugha hiyo.

Athari yake huonekana baadaye. Katika shule za msingi za serikali masomo hufundishwa kwa Kiswahili, lakini mwanafunzi akiingia Kidato cha I hukuta Baiolojia, Jiografia na Hisabati zote zikifundishwa kwa Kiingereza. Aliyeingia bila msingi hubaki kunakili asichokielewa. Wazazi wengi wamemwona kijana aliyekuwa hodari Darasa la VII akinyamaza ghafla sekondari. Mara nyingi akili yake haikupungua. Kilichomwangusha ni lugha.

Yanayofanyika katika mafunzo

Mwandishi wa makala haya alihudhuria kipindi kimoja. Walimu waliketi kama wanafunzi, na mwenzao mmoja akasimama mbele na kitabu. Kwanza aliwaonyesha jalada tu, akawauliza wanadhani mbuzi yule anakwenda wapi. Kila mtu akabahatisha. Kisha akasoma polepole, kidole kikifuata maneno, sauti ikipanda na kushuka kulingana na kisa. Palipokuwa na sentensi inayojirudia alinyamaza, na waliomsikiliza wakaimalizia wenyewe. Hakutafsiri. Neno gumu alilieleza kwa picha, kwa ishara ya mkono au kwa kuigiza, na Kiswahili akakitumia pale tu ambapo bila hicho kisa kingepotea.

Kitabu hicho hakisomwi siku moja kikaachwa. Siku ya pili husomwa tena, watoto wakishiriki zaidi. Siku ya tatu huigizwa, au watoto huchora sehemu waliyoipenda na kuandika chini yake sentensi moja. Baada ya hapo kila mtoto hupewa muda wa kukishika na kukisoma mwenyewe. Neno lililosikika mara kumi ndani ya kisa cha kufurahisha hukaa, wakati neno lililonakiliwa mara moja kutoka ubaoni husahaulika kabla ya kengele.

Walimu pia hufundishwa kukabiliana na hali halisi ya madarasa yetu, ambayo yana watoto wengi na vitabu vichache. Hutengeneza kitabu kikubwa kwa karatasi za manila, au kwa upande safi wa mifuko ya saruji, chenye maandishi yanayosomeka hadi dawati la nyuma. Hupanga watoto katika vikundi ili nakala moja itumiwe na watano au sita, huku wengine wakichora au kuandika.

Zaidi ya mbinu, mafunzo hayo yanampa mwalimu ujasiri. Mwalimu mmoja mwenye utumishi wa miaka mingi alikiri mbele ya wenzake kwamba hajawahi, tangu utoto wake, kusomewa wala kusoma kwa sauti kitabu kizima cha hadithi kwa Kiingereza. Alipokisoma siku hiyo, sauti ilimtetemeka ukurasa wa kwanza, ikatulia ukurasa wa tatu. Hakuna aliyemcheka. Mwalimu anayeona haya kusoma mbele ya wenzake atakwepa kusoma mbele ya watoto, na ndiyo maana alasiri hizo si za kupoteza.

Je, njia hii huleta matunda?

Mfano unaojulikana sana unatoka visiwa vya Fiji, ambako watoto wa vijijini, kama wetu, hujifunza Kiingereza kama lugha ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka katika madarasa ya shule 8 za msingi za vijijini vitabu vya hadithi vipatavyo 250 kwa kila darasa. Katika baadhi ya shule hizo walimu walipewa mafunzo mafupi ya kusoma pamoja na watoto; katika nyingine watoto walipewa muda wa kusoma kimyakimya kila siku. Shule nyingine 4 ziliendelea na njia ya kawaida ili zilinganishwe nazo. Ndani ya mwaka mmoja watoto wenye vitabu waliwaacha wenzao kwa mbali katika kusoma na kuelewa wanachosikia. Mwaka wa pili maendeleo hayo yalienea hadi katika kuandika na sarufi.

Mambo mawili katika mfano huo yanatuhusu. La kwanza ni kwamba matunda hayakuja kwa muhula mmoja, hivyo wakazi wasitarajie kuona tofauti kubwa katika matokeo ya mtihani ujao. La pili ni kwamba vitabu vilikuwa mikononi mwa watoto.

Tatizo la kabati

Hapa ndipo lilipo jambo zito kuliko yote. Zipo shule zenye vitabu vya hadithi ambavyo watoto hawajawahi kuvigusa. Vimefungiwa katika kabati la ofisi, vikiwa safi kama siku vilipoletwa. Sababu yake inaeleweka: mwalimu anahofia kwamba kitabu kikichanika au kupotea, ataulizwa yeye. Basi akaona heri kilindwe kuliko kisomwe. Mafunzo yoyote yatakuwa bure iwapo mwalimu atarudi shuleni na mbinu, lakini ufunguo wa kabati ukabaki mfukoni.

Kwa hiyo sehemu ya mafunzo inahusu utunzaji: kona ya kusomea darasani, daftari la kuazima, watoto wawili wa zamu wa kuhesabu vitabu asubuhi na jioni, na namna ya kubandika kurasa zilizochanika. Kamati za shule nazo zinaombwa zisaidie kutofautisha kitabu kilichochakaa kwa kusomwa na kitabu kilichopotea kwa uzembe. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimetimiza kazi yake, na mwalimu aliyekitumia hapaswi kuadhibiwa kwa hilo.

Sehemu ya mzazi na mlezi

Wazazi wengi husema hawawezi kusaidia kwa kuwa hawajui Kiingereza. Hata hivyo, yapo mambo manne ambayo kila nyumba inayaweza.

Kwanza, mtoto akija na kitabu, mwambie akusimulie kisa hicho kwa Kiswahili, au kwa lugha mnayozungumza nyumbani. Akiweza kukisimulia, amekielewa. Akishindwa, atarudi kukitazama tena.

Pili, mpe nafasi ya kusoma kabla giza halijaingia, hata kama ni dakika 15 tu baada ya kuteka maji na kabla ya kupika.

Tatu, kilinde kitabu: mikono iliyonawa, jalada la gazeti, mfuko wa plastiki siku ya mvua, na mahali pa juu ambapo mdogo wake hafiki.

Nne, usimcheke anapotamka vibaya. Mtoto anayechekwa hunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi lugha.

Ieleweke pia kwamba mafunzo haya ni sehemu ya kazi ya mwalimu na hayamwongezei mzazi mchango wowote. Atakayedaiwa fedha kwa ajili yake aulize kwa mwalimu mkuu, na asiporidhika afike kwa Afisa Elimu Kata. Ofisi hiyo ndiyo pia ya kupeleka taarifa iwapo alasiri za mafunzo zinawaacha watoto bila mwalimu, kwa maana ratiba inapaswa kupangwa ili vipindi visipotee.

Na katika mkutano ujao wa wazazi, pamoja na maswali ya madawati na vyoo, tunashauri liongezwe swali moja kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule: vitabu vyetu vya hadithi ni vingapi, na wiki hii vimesomwa na watoto wangapi?

*Imeandaliwa na Kitengo cha Mawasiliano, Ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri.*