Deni la Taifa Lifundishwe Madarasani

Wahenga walinena kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Katika deni la taifa, nathubutu kusema, wanaolia matangani mara nyingi si wale waliokula harusini.

Tutazame mkopo mmoja tu. Mwaka 2014 Kenya iliuza hati za dhamana ng'ambo, nyingi zikiwa za miaka 10 kwa riba ya asilimia 6.875. Dola moja wakati huo ilikuwa takriban shilingi 87. Muda wake ulipotimia Juni 2024, dola ilikuwa karibu shilingi 129. Yaani, kabla ya kuhesabu riba, kila dola ilidai shilingi 42 zaidi. Tena, ili kupunguza deni hilo, Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75. Huko ni kuchimba shimo ili kufukia jingine.

Mkazi wa Homa Bay au Migori huenda akauliza: yananihusu nini? Yanamhusu sana. Mvuvi wa Mbita anunuapo petroli ya mashua, na mkulima wa miwa wa Awendo anunuapo sabuni, wote hulipa kodi inayolipia deni. Isitoshe, Kifungu cha 214 cha Katiba ya 2010 kinalipa deni la umma kutoka mfuko mkuu wa serikali, mdai hutangulia. Kaunti hungojea mgao, na ukichelewa, dawa za zahanati nazo huchelewa.

Sipingi kukopa. Barabara na umeme havijengwi kwa maneno matupu. Lakini Kifungu cha 201 chaagiza kwamba mizigo na manufaa ya mikopo yagawanywe kwa haki baina ya kizazi cha leo na vijavyo. Vijana walipoandamana Juni 2024, Rais Ruto alikataa kutia saini Mswada wa Fedha. Mswada ulikufa, deni halikufa.

Ndiyo maana natoa rai kwa walimu: hesabu za riba zifundishwe kwa tarakimu hizi, si kwa mikopo ya kubuni vitabuni. Nanyi wanafunzi, ulizeni nani alikopa, kwa sarafu gani, kwa riba gani, na kilijengwa nini. Mtakaolipa ni ninyi. Haifai mrithi deni msilolijua hata hesabu yake.