Ukubwa wa Nukta ya Mwanga katika Kipimo cha Uwanda wa Kuona

Mgonjwa wa glakoma anapopimwa uwanda wa kuona, hukaza jicho katikati ya kifaa chenye umbo la bakuli na kubonyeza kitufe kila aonapo nukta ya mwanga. Majibu yake hutegemea ung'avu wa nukta hiyo, na hutegemea vilevile ukubwa wake.

Jicho hujumlisha mwanga. Katika sehemu kubwa ya retina, seli nyingi zinazopokea mwanga hukusanya taarifa zao katika seli moja ya ganglioni, nayo huzipeleka kwenye ubongo. Mwaka 1877 Mwitalia Annibale Riccò alieleza kanuni yake: nukta ikiwa ndogo, kuongeza eneo lake maradufu hupunguza kwa nusu ung'avu unaohitajika ili ionekane. Nukta ikivuka kiwango fulani cha ukubwa, faida hiyo hupungua. Kiwango hicho ni kidogo sana katikati ya retina na huongezeka kuelekea pembezoni.

Nukta zinazotumika hospitalini hufuata vipimo vya Goldmann, kuanzia I hadi V, kila kimoja kikiwa na eneo mara 4 ya kinachokitangulia. Kipimo cha kawaida ni III, chenye milimita 4 za mraba. Kipimo V kina milimita 64 za mraba, yaani mara 16 zaidi. Uharibifu ukiwa mkubwa, majibu ya nukta III huyumbayumba au hukosekana kabisa. Hapo nukta V husaidia kufuatilia uoni uliobaki.

Hapa ndipo penye hatari. Mgonjwa aliyepimwa kwa nukta III, kisha kwa nukta V, anaweza kuonekana amepata nafuu ilhali ugonjwa unaendelea. Seli za ganglioni zilizokufa kwa glakoma hazirudi. Kilichobadilika ni nukta. Kwa hiyo mhudumu aandike ukubwa wa nukta katika jalada, alinganishe majibu ya ukubwa uleule tu, na akibadilisha aanze kumbukumbu mpya.

Mgonjwa naye asifadhaike anapokosa kuona baadhi ya nukta. Kifaa hutafuta mwanga hafifu kabisa anaoweza kuuona, hivyo hata mwenye macho mazima hukosa nyingi. Asibonyeze kwa kubahatisha, wala asiache dawa kwa sababu ya jibu moja lililoonekana zuri.