Maandishi na Madaraka ya Umma

Wapo ndugu wanaodai siku hizi kwamba zama za maandishi zimekwisha. Redio inasema, televisheni inaonyesha, simu ya mkononi inapeleka sauti ya mtu kutoka Tandahimba mpaka Ngara mara moja. Ya nini basi kuhangaika na kalamu? Hoja hii inapendeza masikioni, lakini inakwepa swali la msingi: sauti ikishapita, ni kitu gani kinachobaki mezani siku ya ugomvi? Kinachobaki ni karatasi. Na aliyeiandika karatasi hiyo ndiye mwenye nguvu, awe na haki au asiwe nayo.

Historia ya nchi yetu inatosha kuwa ushahidi. Tarehe 29 Novemba 1884 Mangungo, mtawala wa Msovero katika Usagara, aliweka alama yake juu ya karatasi aliyoletewa na Carl Peters. Maneno ya urafiki yalikuwamo. Lakini yalikuwamo pia maneno ya kuikabidhi nchi yake, pamoja na haki zote za utawala, kwa jumuiya ya Wajerumani waliokuwa wakitafuta makoloni. Peters alizunguka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami kwa majuma machache tu, bila jeshi la maana, akarudi Berlin na mikataba ya aina hiyo mkobani. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Kaiser Wilhelm I alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Bunduki zilifuata, na damu ya Maji Maji ikamwagika kuanzia mwaka 1905, lakini mlango ulifunguliwa kwa wino. Karatasi zile zilifanya kazi yake Berlin, mahali ambapo Mangungo hakuwapo kujieleza. Hiyo ndiyo tabia ya maandishi: husema badala ya mtu asipokuwapo, na husema lile tu lililoandikwa.

Tuseme kwa kupita kwamba mkoloni aliyejigamba kutuletea maandishi alidanganya. Pwani ya Waswahili ilikuwa ikiandika kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla yake. Upo muswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728. Kalamu ilikuwapo, ila ilikaa mikononi mwa wachache.

Mkulima wa pamba wa Usukuma aliyajua haya bila kusubiri nadharia. Wakati wa ukoloni mnunuzi binafsi ndiye aliyesoma mizani, ndiye aliyeandika uzito, na ndiye aliyepiga hesabu. Mkulima asiyejua tarakimu alipokea alichopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wenyewe wa kuangalia mizani vituoni, na kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, vilikua vyama vya ushirika vilivyounda shirikisho kubwa la kanda ya ziwa mwaka 1955. Tukiutazama vizuri, msingi wa ushirika ule ulikuwa mtu wa kuaminika, anayeweza kusoma mizani na kuandika alichokisoma. Lakini tusifiche upande wa pili. Mwaka 1966 kamati iliyoundwa na Rais kuchunguza vyama vya ushirika ilikuta ubadhirifu mwingi. Mnunuzi binafsi aliondoka, karani akabaki na kalamu ile ile, na mwanachama wa kawaida hakuweza kukikagua kitabu cha hesabu za chama chake mwenyewe.

Ndiyo maana kisomo kilikuwa suala la siasa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vitabu vya kisomo vikaandikwa juu ya pamba, kahawa, uvuvi na ufugaji, yaani juu ya kazi za wasomaji wenyewe. Hata kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, mwaka 1973, haikutegemea redio peke yake: vikundi vilisikiliza, kisha vikafungua kitabu na kujadili. Hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma walipungua hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Sensa ya 2002 ikaonyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima hawajui. Vipimo havikufanana, hilo ni kweli. Lakini katikati palikuwa na miaka ya dhiki ya uchumi, madarasa ya kisomo yakafifia, vitabu vikaadimika. Mtu aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma husahau, kama shamba lisilolimwa linavyorudi kuwa pori.

Na simu je? Mkulima anayelipwa kwa simu hapokei sauti, anapokea ujumbe ulioandikwa, wenye kiasi, tarehe na namba ya muamala. Asiyeweza kuusoma humpa kijana amsomee, pengine pamoja na namba yake ya siri. Chombo ni kipya, unyonge ni ule wa zamani.

Kwenye ardhi uzito wake ni mkubwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka ugawaji wa ardhi upate kwanza idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, nayo inaruhusu mwanakijiji kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Ushahidi wa idhini hiyo ni muhtasari. Sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa wanaohusika nayo hawaisomi; ni mwaka 2021 tu sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hatua hiyo ilichelewa mno, na tafsiri ikibaki kabatini wilayani haitamfaa mtu. Kiongozi wa tawi anayefika kijijini aulize mambo matatu: muhtasari wa mkutano wa mwisho uliandikwa na nani, ulisomwa mbele ya nani kabla ya kutiwa sahihi, na nakala yake iko wapi.